Kupandikizwa mapafu kwa mgonjwa wa makovu ya mapafu: anza mapema, fuata hatua hizi

Wagonjwa wengi wa makovu ya mapafu humfikia daktari wa upandikizaji wakiwa wameshachelewa, hawawezi hata kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Inauma, kwa sababu mara nyingi muda ulikuwepo. Dawa za pirfenidone na nintedanib hupunguza kasi ya ugonjwa, lakini kovu lililokwisha kuingia halitoki. Tena ugonjwa huu unaweza kutulia miezi mingi, kisha ukakuangusha ndani ya siku chache.

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili: rufaa na kuandikishwa. Rufaa ni kuonana na timu ya upandikizaji ili wakufahamu, haikulazimishi kupasuliwa. Kama una makovu yasiyojulikana chanzo, yale madaktari wanayoyaita IPF, omba rufaa mara tu unapogunduliwa. Kwa aina nyingine, omba FVC (hewa yote unayoweza kupuliza kwa nguvu baada ya kuvuta pumzi ndefu) ikishuka chini ya asilimia 80 ya kiwango kinachotarajiwa, au DLCO (uwezo wa mapafu kupitisha gesi kwenda kwenye damu) chini ya asilimia 40, au unapoanza kuhitaji oksijeni.

Kuandikishwa kwenye orodha ya kusubiri huja hali inapozidi kuteremka: FVC imepungua kwa zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi 6, oksijeni ya damu inashuka chini ya asilimia 88 katika kipimo cha kutembea dakika 6, umbali unaotembea umepungua kwa zaidi ya mita 50, presha ya mishipa ya mapafu imepanda, au umelazwa kwa ajili ya kifua. Weka daftari. Kila kliniki andika tarehe, FVC, DLCO, umbali uliotembea, oksijeni ilishuka hadi ngapi, na lita za oksijeni unazotumia. Picha za CT zichukue zenyewe kwenye diski, maana timu huzisoma upya na karatasi ya majibu peke yake haiwatoshi.

Wakati wa kusubiri ndipo kazi kubwa ilipo. Tumbaku ya aina yoyote ikome. Vituo vingi hudai angalau miezi 6 bila tumbaku na hupima damu au mkojo kuhakikisha. BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ikizidi 35, au ikiwa chini ya 16, hatari ya upasuaji hupanda sana. Saratani ambayo haijatulia, kifua kikuu ambacho hakijatibiwa na figo zilizochoka huweza kufunga mlango kabisa. Kama unatumia prednisolone (dawa ya steroidi) kwa dozi kubwa, daktari ataishusha polepole, kwa kuwa huchelewesha vidonda kupona. Usiikatishe mwenyewe ghafla. Meno mabovu yatibiwe sasa. Chanjo zenye virusi hai zipigwe angalau wiki 4 kabla ya upasuaji, kwa sababu baada ya hapo hutaruhusiwa. Na waambie wote wanaokutibu wasikuongezee damu pasipo ulazima: damu ya mtu mwingine inaweza kukutengenezea kingamwili zitakazofanya pafu linalokufaa liwe gumu kupatikana.

Fanya mazoezi ukiwa na oksijeni puani. Inuka na kukaa kwenye kiti mara 10, pumzika, rudia. Misuli ya mapaja ndiyo itakayokutoa kitandani baada ya upasuaji.

Usishangae ukisubiri kuliko mwenzako. Mapafu yenye makovu hunywea na kifua hupungua nacho, hivyo watu wafupi hupata shida zaidi ya pafu la saizi yao, mbali na kundi la damu. Pafu moja linaweza kutosha. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, Toronto mwaka 1983, ulikuwa wa pafu moja kwa mgonjwa wa makovu. Siku hizi mara nyingi hubadilishwa yote mawili, hasa presha ya mishipa ya mapafu ikiwa juu. Pafu la zamani likibaki linaweza kupata maambukizi au saratani.

Simu ikipigwa, acha kula na kunywa papo hapo, chukua dawa zako na mtungi, ondoka. Unaweza kufika ukaambiwa pafu halifai, urudi nyumbani. Hilo hutokea, na ni afadhali kuliko kuwekewa pafu bovu.

Baada ya upasuaji utameza tacrolimus, mycophenolate na prednisolone, dawa za kuzuia kinga ya mwili isilikatae pafu, maisha yote, pamoja na dawa za kukukinga na maambukizi. Hapa ndipo wengi hukosea: siku ya kupima kiwango cha tacrolimus kwenye damu, kama ulimeza saa 2 usiku, damu itolewe saa 2 asubuhi kabla hujameza. Kidonge kiweke mfukoni, umeze ukishatolewa damu. Ukimeza kwanza, kipimo kitaonyesha dawa imezidi, dozi itapunguzwa, na kinga ya mwili italishambulia pafu. Clarithromycin (antibiotiki), fluconazole (dawa ya fangasi) na balungi hupandisha kiwango cha tacrolimus kwenye damu, rifampicin (dawa ya kifua kikuu) hukishusha. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac huumiza figo ambazo tacrolimus tayari inazichosha. Mitishamba usiguse bila kuuliza.

Kila asubuhi, saa ileile, kaa wima upulize kipimo cha pumzi mara 3, uandike namba kubwa zaidi. FEV1 (hewa unayopuliza kwa sekunde ya kwanza) ikishuka asilimia 10 ikabaki hapo siku 2, piga simu hata kama hujisikii vibaya, kwa sababu namba hutangulia dalili. Homa ya 38 haisubiri kesho.

Zaidi ya watu 8 kati ya 10 huvuka mwaka wa kwanza, na karibu nusu hufika miaka 6 hivi. Kinachowarudisha nyuma wengi ni pafu jipya kuziba polepole kwa kukataliwa na mwili. Namba zile za asubuhi ndizo huonyesha dalili ya kwanza, wakati bado kuna la kufanya.