Namna ya kumtafuta babu baharia aliyepotea vitani

Tafuta meli kwanza, jina baadaye. Hapa Tanga wanaokuja kuniuliza habari za babu aliyezama kwenye Vita vya Pili huniletea jina tupu: Juma bin Hamisi, basi. Akina Juma bin Hamisi wako tele, na karani wa melini aliandika alivyosikia. Meli ni moja, na siku iliyozama inajulikana.

Kaa na wazee. Usiwaulize mwaka, utatajiwa wowote ili usiondoke mikono mitupu. Uliza msimu, mwezi, na safari ilikuwa ya wapi. Shangazi yangu wa Ngamiani, mtoto mdogo wakati ule, mwaka hakuushika, lakini alijibu palepale: kaskazi, Mfunguo Tano (mwezi wa Safar wa Kiislamu), meli ya kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo. Nikafungua kalenda. Mwaka 1944 Mfunguo Tano uliangukia mwishoni mwa Januari hadi karibu mwisho wa Februari. Meli iitwayo Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo, huko huko Ceylon, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Kisha omba kuona sanduku la bibi. Unachotaka ni kitabu cha baharia, au stakabadhi za mshahara aliokuwa akikatiwa mkewe. Piga picha pande zote mbili, mchana, karibu na dirisha. Usizipeleke kupigwa plastiki, tafadhali! Karatasi ya zamani ikishafungwa hivyo haitoki salama.

Sasa ingia tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC). Kutafuta ni bure. Weka tarehe na jina la meli, jina la mtu liache wazi, halafu soma orodha yote polepole. Askari wa Khedive Ismail wasio na kaburi wamo kwenye mnara wa Afrika Mashariki ulio makaburini Nairobi. Babu kama aliandikishwa kazi Bombay pamoja na Wahindi, angalia pia minara ya kumbukumbu ya Bombay na Chittagong. Baharia wa meli ya biashara aliyekufa kwa homa tu huenda asiwemo: Tume huhesabu waliouawa na vita.

Usipompata, zipo orodha za mabaharia kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, kundi BT 381. Zimepangwa kwa namba ya usajili ya meli, kwa hiyo nenda nayo mkononi.

Ukimpata, usikimbilie kurusha kwenye grupu la ukoo. Mwambie kwanza mkubwa wa nyumba, ana kwa ana, ili kama hitima haikusomwa wapange wenyewe. Jina likiwa limekosewa, iandikie Tume na uambatanishe zile picha za karatasi.