Sisimizi jikoni: weka chini hiyo dawa ya kupuliza

Masika haya wifi yangu wa Mbagala alinipigia simu asubuhi na mapema. "Wifi, sukari inatembea." Nilipofika, tayari alishapuliza kopo zima la dawa. Sikumcheka, maana hata mimi nilianza hivyohivyo.

1. Wajue wageni wako. Hapa nazungumzia sisimizi wadogo, wa rangi ya njano au hudhurungi, wanaopenda sukari na nyama. Siafu ni habari nyingine: toa kuku na watoto, wapishe wapite, na wakiondoka hukuti mende. Mchwa hana kiuno chembamba, naye anataka fundi wake.

2. Wafuate. Usiwafute bado. Chukua tochi usiku uone mstari unaingilia wapi. Kwa wifi ulitoka nyuma ya soketi.

3. Chambo. Hapa ndipo nilipopoteza mwezi mzima. Nilikuwa napuliza kila jioni, asubuhi mstari mmoja umekuwa mitatu: jikoni, bafuni, na kitandani kwa mtoto. Sisimizi hawa wadogo wa njano huwa na malkia wengi kwenye kiota kimoja. Wakishtuliwa na dawa, kundi hubeba malkia na watoto likaenda kuanza kiota kingine. Kwa hiyo nilikuwa nawazalisha kwa pesa yangu. Na wale unaowaona ukutani ni wachache tu waliotumwa chakula; wengi wako ndani, wanalishwa mdomo kwa mdomo. Basi sumu nayo ipite njia hiyohiyo.

Tafuta asidi ya boriki, poda ambayo wacheza keram wamezoea kuinyunyiza ubaoni (soma lebo, nyingine ni wanga mtupu). Nusu lita ya maji ya vuguvugu, vijiko vinne vya chakula vya sukari, kijiko kimoja cha chai cha boriki, KISAWAZISHE. Ukijidai kuongeza "ili iwe kali", watafia njiani kabla ya kufika nyumbani, na kazi yako imekwisha hapo. Lowesha pamba, iweke kwenye kizibo cha soda kando ya mstari, si juu yake. Badilisha kila baada ya siku mbili kwa sababu joto la Dar huikausha. Sukari nyingine yote ifungwe, la sivyo kwa nini wale yako?

Siku ya kwanza watajaa. Wifi alinipigia tena: "Dawa yako inawaita!" Ndiyo, inawaita. Usipulize, usimwage mafuta ya taa, usiguse. Subiri wiki moja, hata mbili. Wakipita sukari bila kuiangalia, basi siku hizo wanataka mafuta: chukua vijiko vitatu vya chakula vya siagi ya karanga, uchanganye na boriki ya kukaa kwenye ncha ya kijiko cha chai.

Boriki ni sumu. Vizibo viwe nyuma ya friji, mtoto asikofika, na chupa iliyobaki iandikwe kwa kalamu nene. Chaki za mende za mitaani mimi sizitaki ndani kwangu. Nyingi hazisemi hata zina nini.

4. Futa njia. Mstari ukishakauka, osha ukuta kwa maji ya sabuni au siki. Wanafuata harufu.

5. Ziba. Silikoni kwenye nyufa, saruji kwenye tundu la bomba. Tawi la mwembe linalogusa bati, kata.

Kabati la chakula lisimamishe miguu kwenye makopo ya maji, kama mabibi zetu. Ila chungulia: vumbi likitanda juu ya maji linakuwa daraja, nao wanavuka bila kulowa. Tone la sabuni ya vyombo huwazamisha. Kopo la wifi nililikuta na utando wa unga wa sembe, na sisimizi watatu katikati, wanatembea zao.