Kibanda cha Gharama Nafuu cha Kukinga Nyanya za Nje dhidi ya Ukungu

Ukigeuza jani la chini la mnyanya asubuhi, baada ya siku tatu za manyunyu yasiyokatika, ukakuta baka la kahawia lililolowa kama lililomwagiwa maji ya moto, na pembezoni mwake utandu mweupe mwembamba, ujue bakajani chelewa imekwisha kuingia shambani na kwamba mimea iliyo jirani inaweza kuteketea yote katika siku chache. Nimelima nyanya mahali pa wazi kwa misimu mingi, na baada ya kupoteza mazao mara kadhaa nimeridhika kwamba kinga nafuu kuliko zote ni paa jepesi la nailoni lisilo na kuta. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujenga kibanda hicho kwa miti, kamba na kipande kimoja cha nailoni, pamoja na namna ya kuitunza mimea iliyo chini yake, kwa sababu paa peke yake halitoshi.

Kwa nini paa, na kwa nini lisiwe na kuta

Bakajani chelewa huletwa na kimelea kiitwacho Phytophthora infestans, kile kile kilichoangamiza viazi nchini Ayalandi kuanzia mwaka 1845. Vijimbegu vyake husafiri kwa upepo kutoka mashamba ya mbali, kwa hiyo hakuna uzio utakaovizuia visitue juu ya majani yako. Hata hivyo, kijimbegu kilichotua hakina nguvu ya kupenya jani kavu. Kinahitaji tabaka la maji lidumu juu ya jani kwa saa kadhaa ndipo kiote na kuingia ndani. Bakajani tangulia, ugonjwa mwingine wa ukungu unaoshambulia majani ya nyanya, nayo hujificha kwenye udongo na masalia ya mazao yaliyopita, kisha matone ya mvua yanapopiga ardhi huirusha hadi kwenye majani ya chini. Paa likizuia matone hayo, njia zote mbili zinakuwa zimezibwa kwa kiasi kikubwa.

Lipo pia suala la umande, ambalo wakulima wengi hawalifikirii. Usiku wa anga safi, jani lililo wazi hupoteza joto lake kuelekea angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka, na hapo mvuke uliomo hewani hugeuka matone juu yake. Jani lililo chini ya kifuniko hupoteza joto hilo polepole zaidi, kwa hiyo mara nyingi utakuta mimea ya kibandani ni mikavu alfajiri wakati majani ya jirani yamelowa chepechepe.

Kuhusu kuta, nilijifunza kwa hasara. Kibanda changu cha kwanza nilikifunga pande zote nne nikidhani kwamba kinga ikizidi ndivyo itakavyofaa. Kila alfajiri nailoni ilikuwa ikidondosha matone juu ya mimea, hewa ya ndani ilikuwa nzito na imetulia, na kabla matunda hayajaiva shina moja baada ya jingine lilikuwa limevikwa manyoya ya kijivu mahali nilipokata machipukizi. Huo ni ukungu wa kijivu, Botrytis cinerea, ambao huingia kupitia vidonda na maua yaliyonyauka pale penye unyevu mwingi usiotembezwa na upepo. Kazi ya kibanda hiki, basi, ni kuliweka jani katika hali ya ukavu. Si kuupa mmea joto. Kila uamuzi utakaoufanya wakati wa kujenga upimwe kwa kigezo hicho.

Hatua ya kwanza: kuchagua mahali

Chagua sehemu inayopata jua tangu asubuhi, kwa sababu jua la mapema ndilo linalokausha majani, na iwe mbali na miti mikubwa inayoendelea kudondosha maji muda mrefu baada ya mvua kukatika. Epuka ardhi iliyolimwa nyanya, viazi mviringo au biringanya katika miaka mitatu iliyopita, kwa kuwa mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na hurithishana magonjwa.

Kabla ya kuchimba shimo lolote, angalia dhoruba hutokea upande gani. Ikiwa mvua kubwa huja na upepo kutoka upande mmoja unaojulikana, elekeza ncha fupi ya kibanda upande huo, ili mvua ya kusukumwa ilowanishe mimea miwili au mitatu ya mwanzo tu badala ya kupiga safu nzima. Ikiwa mvua zako hazina upepo mkali, ni bora ubavu mrefu ndio uelekee upepo wa kawaida, hewa ipite kutoka upande hadi upande kwa umbali mfupi.

Hatua ya pili: vipimo na vifaa

Vipimo ninavyovitumia ni urefu wa mita 6 na upana wa mita 2 kutoka nguzo hadi nguzo. Eneo hilo linatosha safu mbili za mimea 11 kila moja, na mtu mmoja anaweza kulijenga kwa siku mbili. Sikushauri uanze na kibanda kipana zaidi, kwa sababu paa pana hubeba upepo mwingi na kudai miti mizito.

Utahitaji nguzo 4 za katikati zenye urefu wa mita 3, nguzo 8 za pembeni zenye mita 2.4, fito 3 za mita 6.6 kwa ajili ya mwamba wa juu (fito ya kilele cha paa) na mitambaapanya miwili ya pembeni (fito zinazolala juu ya nguzo za pembeni), na makombamoyo 8 ya mita 1.6 (fito zinazoteremka kutoka kileleni hadi pembeni). Mianzi iliyokomaa au miti yoyote iliyonyooka inafaa, na fito ndefu unaweza kuziunganisha kwa vipande viwili vinavyopishana nusu mita juu ya nguzo. Ongeza mapapi membamba (vipande virefu vya mbao nyembamba), misumari, kamba imara, matambaa makuukuu ya rangi nyeupe, na mipira ya ndani ya tairi iliyochakaa, ambayo ukiikata vipande virefu hukaza fundo kuliko kamba na hailegei mvua inaponyesha.

Nailoni iwe angavu, yenye upana usiopungua mita 3.5 na urefu wa mita 7. Kwenye kitu hiki kimoja nakusihi usibane matumizi kupita kiasi. Nailoni ya kawaida ya kufunikia bidhaa huliwa na miale ya jua ya urujuanimno na kuanza kupasuka ndani ya msimu mmoja, ilhali ile iliyotengenezwa kwa ajili ya vibanda vya mimea, yenye unene wa maikroni 200 (milimita 0.2), hudumu misimu kadhaa ikitunzwa. Turubai lisilopitisha mwanga halifai hata kidogo, kwa sababu mimea itarefuka na kudhoofika.

Hatua ya tatu: kusimamisha nguzo

Chimba mashimo yenye kina cha sentimita 60, katika mistari mitatu iliyoachana mita 1, na kila nguzo iwe mita 2 kutoka inayofuata. Nguzo za katikati zitabaki mita 2.4 juu ya ardhi, na za pembeni mita 1.8. Shindilia udongo kwa awamu, kila tabaka la kiganja kimoja, mpaka nguzo isitikisike unapoisukuma kwa bega. Unaweza kuchoma sehemu itakayofukiwa hadi ngozi yake iwe mkaa ili kuchelewesha kuoza. Usiipake mafuta machafu ya mashine, kwa kuwa yatavuja kwenye udongo unaokuzia chakula.

Hatua ya nne: kufunga fremu ya paa

Laza mwamba juu ya nguzo za katikati na mitambaapanya juu ya nguzo za pembeni, ukitoboa au kuchonga vichwa vya nguzo ili fito zikae badala ya kutegemea kamba tu. Kisha funga makombamoyo kutoka kwenye mwamba hadi chini, yakivuka mtambaapanya kwa sentimita 40 hivi. Kipande hicho kinachozidi ndicho upenu, na ndicho kinachozuia mvua ya kuingia kwa mshazari. Kwa vipimo hivi upenu utakuwa karibu mita 1.6 kutoka ardhini, na mteremko wa paa utakuwa takriban nyuzi 30. Usiupunguze mteremko huo: juu ya paa lililo bapa maji hutuama, na chini yake matone ya mvuke hudondokea mimea badala ya kuteleza hadi pembeni.

Kati ya kombamoyo na kombamoyo kuna nafasi ya mita 2, ambayo ni kubwa mno kwa nailoni kujishikilia. Jaza nafasi hiyo kwa vipande vya mwanzi uliopasuliwa, au kamba zilizokazwa, kila baada ya sentimita 50. Ukiruka kazi hii, nailoni italegea katikati na kufanya tumbo la maji, na tumbo la ukubwa wa beseni likishika lita 20 ni uzito wa kilo 20 unaoning'inia juu ya mimea yako.

Hatua ya tano: kuvisha nailoni

Pitisha kiganja juu ya kila fito itakayogusana na nailoni. Popote ngozi yako inapokwama, iwe ni kibanzi, fundo au kichwa cha msumari, nailoni itatobokea hapo hapo. Chonga, kisha zungushia kitambaa cheupe. Rangi nyeusi hushika joto, na nailoni huanza kuchakaa pale inapolala juu ya kitu cha moto.

Subiri saa za jua zisizo na upepo, kwa maana nailoni hutanuka ikipata joto. Ukiivuta na kuikaza ikiwa na joto, itazidi kukaza hali ya hewa ikipoa. Ukiikaza asubuhi ya baridi, adhuhuri itakuwa imelegea. Itandaze ili ziada iwe sawa pande zote mbili, anza kuifunga kwenye ncha moja, kisha uivute kwa watu wawili hadi ncha ya pili. Kwenye upenu usipigilie msumari juu ya nailoni tupu. Viringisha ukingo wake mara mbili au tatu kwenye upapi, kisha ufunge upapi huo kwenye miisho ya makombamoyo, ili nguvu ya upepo igawanyike katika urefu wote badala ya kung'ang'ania matundu machache.

Mwisho, pitisha kamba juu ya paa kwa mtindo wa kwenda na kurudi, kutoka mtambaapanya mmoja hadi wa pili, na ufunge nguzo nne za pembe kwa kamba za kuzuia zilizofungwa kwenye vigingi vilivyopigiliwa ardhini. Upepo huharibu paa la aina hii kwa kulinyanyua zaidi kuliko kwa kulisukuma, na kamba hizo ndizo zitakazolibakiza mahali pake.

Hatua ya sita: maji ya paa na maji ya mimea

Paa hili linafunika karibu mita 18 za mraba, na milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo mvua ya milimita 20 inamwaga takriban lita 360 kwenye kingo mbili za kibanda. Chimba mfereji wenye kina cha kiganja chini ya kila upenu, uteremke kuelekea mbali, na utandaze nyasi kavu kando yake ili matone yasirushe udongo kwenye majani.

Chini ya paa, mvua haitakumwagilia tena. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, bila kugusa majani, na ufanye hivyo kwa utaratibu usioyumba. Mmea unaokaushwa siku nyingi kisha ukafurikishwa hushindwa kufikisha kalsiamu kwenye tunda, na matokeo yake ni kuoza kitako, tatizo linalodhaniwa mara nyingi kuwa ni ukungu. Matandazo yenye unene wa sentimita 5 hadi 8 husaidia udongo kushika unyevu kwa usawa.

Hatua ya saba: kupanda na kutunza

Panda kila safu nusu mita ndani ya mstari wa nguzo za pembeni, mmea na mmea ukiachana sentimita 50. Funga waya kwenye makombamoyo juu ya kila safu, na uteremshe kamba ya kuuegemeza kila mmea. Mimea ikifika kiunoni, ondoa majani yote yaliyo chini ya sentimita 30 kutoka ardhini, na machipukizi ya pembeni uyatoe yangali madogo, adhuhuri ya siku kavu, ili kidonda kifunge kabla ya usiku.

Pita kila siku ya pili ukigeuza majani. Lenye baka likate, lifungie ndani ya mfuko papo hapo na ulitoe shambani. Fahamu pia kwamba kibanda hakizuii kila kitu: ubwiri unga hauhitaji maji juu ya jani ili uote, na utitiri mwekundu hupenda pakavu, kwa hiyo vumbi jeupe au utando mwembamba kama wa buibui vikionekana, usisubiri vijiondokee.

Baada ya mavuno

Ng'oa mimea yote pamoja na mizizi, kisha fungua nailoni siku kavu. Ioshe pande zote mbili kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, iache ikauke kabisa, izungushe kwenye fito na uihifadhi gizani, mbali na panya. Nguzo unaweza kuziacha zilipo na kupanda kunde au mboga za majani katikati yake. Nyanya za msimu unaofuata zipelekwe kwenye ardhi nyingine, na fremu ya juu ihamie huko pamoja nazo.