Kukirudishia nguvu kifundo cha mguu kilichoteguka michezoni

Mchezaji anapotua vibaya na wayo ukapinduka kwa ndani, kano (nyuzi imara zinazoshikanisha mifupa) za upande wa nje wa kifundo huvutwa kupita kiasi au huchanika. Jeraha hili ni la kawaida mno, na huenda ndiyo sababu hudharauliwa. Uvimbe ukishapungua, wengi hurejea uwanjani wakiamini wamepona, kumbe sehemu muhimu zaidi ya tiba ya viungo haijaanza.

Kwanza hakikisha kwamba mfupa haujavunjika. Kwa mujibu wa kanuni za Ottawa za kuchunguza kifundo, zilizobuniwa nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 1992, picha ya eksirei huhitajika ikiwa mtu mwenye maumivu ya kifundo hawezi kupiga hatua 4 akiukanyagia mguu huo, mara tu baada ya kuumia na pia anapochunguzwa, au ikiwa mfupa unauma unapobonyezwa kwenye ncha au ukingo wa nyuma wa nundu zilizo pande mbili za kifundo. Mguu ukiwa umepinda, umekufa ganzi au umekuwa wa baridi, nenda hospitali bila kukawia.

Katika siku 2 au 3 za mwanzo, funga kifundo kwa bandeji ya kuvutika isiyobana damu, na uinue mguu juu kuliko moyo kila unapopumzika. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 20 hutuliza maumivu, ingawa haiharakishi kuunga kwa kano. Wakati huohuo anza kuusogeza wayo juu na chini taratibu, kwa sababu kifundo kinacholazwa bila kuguswa hukakamaa na misuli yake hunywea. Ukitumia magongo, endelea kukanyaga kwa kisigino kwanza, kisha vidole, hata kama uzito unaouweka ni mdogo.

Maumivu yanapotulia, simama mbele ya ukuta, kisigino kikiwa chini, usogeze goti hadi liguse ukuta, kisha linganisha umbali wa wayo kutoka ukutani na ule wa mguu usioumia. Ili kuongeza nguvu, zungushia wayo mpira wa kuvutika uusukume kwa nje, kisha inuka juu ya vidole kwa miguu yote miwili ukishuka polepole, mpaka utakapoweza kufanya hivyo kwa mguu mmoja. Kipimo ninachokiamini ni hiki: maumivu wakati wa zoezi yasizidi 3 kati ya 10, na asubuhi inayofuata uvimbe usiwe umeongezeka. Ukiongezeka, punguza mzigo, lakini usiache kabisa.

Mazoezi ya mizani, yaani ya kusimama bila kuyumba, ndiyo yanayorukwa kuliko yote, nami naona ndiyo yasiyofaa kuachwa kwa vyovyote. Ndani ya kano mna ncha za neva zinazoujulisha ubongo jinsi kiungo kilivyokaa. Kano ikichanika, taarifa hizo huvurugika, na misuli ya upande wa nje wa mguu, ambayo ingeuzuia wayo usipinduke, huchelewa kuitikia. Ndiyo maana mtu asiyesikia maumivu yoyote huteguka tena mahali palepale. Simama kwa mguu ulioumia karibu na ukuta kwa sekunde 30. Ukizoea, fumba macho. Baadaye simama juu ya mto, kisha udake mpira ukiwa umesimama hivyo, ili akili ishughulike na mchezo huku mguu ukijitegemea. Dakika chache kila siku zinatosha, na ziendelee kwa wiki kadhaa hata baada ya kurudi mchezoni.

Mbio zianze kwa mstari ulionyooka, ndipo zifuate kona, kusimama ghafla na kuruka. Kabla ya mechi, ruka kwa mguu mmoja kwenda mbele, upime: mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya umbali wa mwenzake, na utue bila kuyumba. Katika miezi ya mwanzo vaa kishikizo cha kifundo au fungwa utepe wa michezo, hasa ikiwa umewahi kuteguka hapo awali. Kifundo kikiendelea kulegea ghafla unapotembea, au maumivu yakidumu zaidi ya wiki 6, mwone mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa mifupa, kwani huenda gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa) iliyo ndani ya kiungo nayo imejeruhiwa.