Damu Miezi ya Mwisho ya Ujauzito: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Mjamzito anayetokwa damu baada ya wiki ya 28 asikae nyumbani kungoja ikate. Kutafuta chanzo ni kazi ya hospitali, ila maelezo mengi huyabeba mama mwenyewe.

Kadi ya kliniki ikae mahali pamoja, karibu na mlango. Humo mna kundi la damu, presha na kama alishajifungua kwa upasuaji. Kovu la upasuaji huo huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishikiza chini na kuziba mlango wa kizazi. Majibu ya ultrasaundi ya zamani yafuatane nayo. Kondo lililoonekana chini wiki ya 20 mara nyingi hupanda mfuko wa uzazi unavyokua, lakini daktari atajua aanzie wapi. Kadi isipoonekana, ondokeni bila hiyo.

Njiani, msindikizaji akumbuke: damu ilianza saa ngapi, pedi ngapi zimelowa, kuna maumivu? Damu mbichi isiyo na maumivu humfanya daktari ashuku kondo lililotangulia, yaani lililokaa chini na kuziba mlango wa kizazi. Tumbo likiuma mfululizo na kukakamaa kama ubao, hasa kwa mwenye presha au aliyeanguka, hushukiwa kondo limebanduka kabla ya wakati. Hapo macho hudanganya: damu nyingi huweza kujificha nyuma ya kondo, mama akalegea huku khanga ina madoa machache tu. Damu iliyotoka pale pale chupa ilipopasuka itajwe upesi, kwani huenda ni ya mtoto. Ute wenye michirizi ya damu huwa dalili ya uchungu kukaribia, ila hilo aliseme mkunga, si jirani.

La kushikilia kuliko yote: asipimwe kwa kidole ukeni kabla ya kujulikana kondo liko wapi. Kidole kinaweza kulitonesha, damu ikafumka. Kuuliza "kondo liko wapi?" si ukorofi. Kwa hiyo chagueni mapema kituo chenye ultrasaundi, chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa; zahanati nyingi hazina. Na ultrasaundi ikiwa safi, kondo lililobanduka bado huweza kufichika, ndiyo maana daktari hushika tumbo na kusikiliza moyo wa mtoto.

Dereva wa usiku na ndugu wa kuchangia damu wajulikane tangu sasa. Mwenye kundi la damu hasi (Rh hasi, mfano O-) aulizie sindano ya anti-D, inayozuia mwili wa mama kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, ambayo hutakiwa ndani ya saa 72 tangu damu ianze.