Ubao wa kasia kutoka Ujerumani hadi Dodoma: angalia anwani kabla ya bei

Kabla hujaangalia rangi ya ubao, urefu wala bei, shuka hadi chini kabisa ya tovuti ya duka utafute jina la kampuni, mtaa, namba ya nyumba na mji. Ukikuta barua pepe peke yake, funga ukalale. Nitalirudia hili na msinichoke, maana wengi mnaoniuliza mnaanza na "wa shilingi ngapi ndio mzuri?", na hilo ni swali la tatu au la nne.

Nazungumzia ule ubao wa kujaza upepo unaosimama juu yake na kupiga kasia, huku wanauita SUP. Mimi naishi Leipzig, kwetu Dodoma. Leipzig haina bahari, ila pembeni ya mji kuna mashimo ya zamani ya makaa ya mawe yaliyojazwa maji yakawa maziwa, Cospudener See likiwa mojawapo, na likiwaka jua la Julai mji mzima unahamia huko. Sasa mtu aliyekulia Dodoma, ambako Mei mpaka Novemba mvua unaisikia kwenye redio, akionekana amesimama juu ya maji, ndugu hawawezi kunyamaza. Picha iliingia kwenye kundi la ukoo asubuhi; kufika jioni wapwa walishaomba wao.

Haya, mtego wenyewe, nilipoagiza ubao wa kwanza mtandaoni. Tovuti ilikuwa ya Kijerumani fasaha, anwani inaishia na .de, familia inacheka ziwani, bei ya zamani imekatwa kwa mstari mwekundu na mpya ni euro 189. Hiyo .de haimaanishi duka liko Ujerumani. Ni jina tu, na anayeuza akiwa bara jingine anaweza kulipata. Dalili ilijificha kwenye maandishi madogo ya usafirishaji: siku 10 hadi 20 za kazi. Duka lenye ghala Ujerumani linakuletea mzigo ndani ya siku chache. Ukisoma wiki tatu, jua unatoka mbali, mara nyingi China, na mlangoni unaweza kudaiwa kodi ya uingizaji ya asilimia 19 pamoja na ada ya msafirishaji. Ule unafuu wa mstari mwekundu unaishia hapohapo.

Maelezo yalidai ubao unabeba kilo 150. Mimi nina tisini na kitu. Ulijazwa mpaka mwisho wa kipimo chake, nikapanda, ukapinda katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea: pua juu, mkia juu, mimi na miguu majini. Nikaandika kwamba narudisha. Sheria za Umoja wa Ulaya zinampa aliyenunua mtandaoni siku 14 tangu apokee mzigo kughairi bila kutoa sababu. Majibu yakaja kwa adabu kubwa: mteja wetu mpendwa, samahani sana, tunakurudishia asilimia 15, ubao ubaki nao. Nikakataa. Wakapanda hadi 25. Nikakataa tena. Wakafika 35, na ushauri kwamba nimpe rafiki kama zawadi. Nilipong'ang'ania ndipo ikatoka anwani ya kurudishia: ghala lililoko China, nauli juu yangu. Kifurushi cha kilo kumi na kitu kwenda huko kinaweza kumeza bei yote ya ubao.

Ndugu zangu, adabu ile si huduma. Kila "samahani sana" inakula siku, na kampuni iliyopitisha malipo yako ina muda maalumu wa kupokea malalamiko. Muda ukipita, hakuna wa kumlilia. Kwa hiyo lalamika kwa kampuni ya malipo wiki ileile, ukiambatanisha picha, usingoje barua ya tatu. Na usikubali asilimia yoyote ile hata kwa neno moja, kwa sababu ukishakubali watasema mmemalizana. Nasema tena: usikubali.

Jirani yangu, mzee wa Kijerumani ambaye kwa kawaida hana mengi, aliposikia habari hizi aliuliza kitu kimoja: "Impressum ilisemaje?" Ndiyo ile sehemu ya chini ya tovuti niliyoanza nayo, sheria yao inamtaka kila mfanyabiashara aandike pale yeye ni nani na anapatikana wapi. Hawa watu nilikuwa nawacheka kwa mafaili yao, mtu anatunza risiti ya pasi ya miaka sita. Siwacheki tena. Kwetu tunamwamini muuzaji kwa sura, kwa kabila, kwa kuwa ni rafiki yake shemeji. Hapa sura haina kazi, barua yenye tarehe ndiyo inayosikilizwa. Maisha ya hivyo yana upweke wake, sikatai: ziwani ukianguka hakuna atakayekucheka na hakuna atakayekusalimia, wakati Dodoma ungepata vyote viwili. Ila siku ya ugomvi na duka, mfumo wao unakubeba, mradi duka liwe ndani ya mkono wa sheria. Kila jimbo lina Verbraucherzentrale, ofisi ya kuwashauri wanunuzi. Itumieni.

Tukija kwenye ubao, msishike namba ya "uzito wa juu". Namba hiyo mara nyingi inasema utaelea, haisemi utasimama vizuri. Mimi najumlisha mwili, jaketi la kuokolea, maji na mkoba, nikitaka jumla isizidi theluthi mbili ya walichoandika. Kwa mtu mzima anayeanza, urefu wa kama sentimita 320, upana wa 80 hivi na unene wa 15 vinatosha. Unene wa 10 waachieni watoto. Tafuta unaostahimili shinikizo la psi 15, yaani bar 1 na kidogo. Ndani kuna maelfu ya nyuzi zinazoshikanisha kitambaa cha juu na cha chini, na nyuzi hizo bila shinikizo la kutosha hazina msaada. Kasia liwe la kurefushwa, likuzidi kimo kwa sentimita 20 hivi.

Ubao wa pili nimeununua dukani, ana kwa ana, nikaenda nao likizo hii nyumbani Ipagala, Dodoma. Tuliujaza uani. Mshale wa pampu mwanzoni haukutikisika kabisa, mpwa akaamua pampu ni mbovu. Hapana, unaanza kusogea ubao ukishakuwa mgumu. Tukaulaza juu ya vigoda viwili vilivyofunikwa khanga, kimoja kila mwisho. Mjomba akavua kandambili, akasimama katikati ameshika bega la shangazi. Ukashuka upana wa vidole viwili, basi. Kipimo hicho, ninyi mnaonunua mtandaoni, fanyeni huko huko Ulaya, ndani ya zile siku 14, kabla ubao haujaona maji. Na jua la Dodoma si la Leipzig: ukiuacha umejaa mchana, hewa inapanuka na gundi ya maungio inaweza kuachia. Punguza upepo, weka kivulini.

Kuhusu wapwa. Nawapenda, lakini mmoja anataka kukodishia watu ubao kwenye bwawa la Hombolo na mwingine anataka kuuvulia samaki bwawa la Mtera. Wanangu, huo si mtumbwi. Mtera kuna viboko na mamba, na wavuvi wa pale watawaeleza kuliko mimi. Hombolo kichocho kinajulikana miaka mingi, na anayejifunza ubao anashinda majini zaidi kuliko juu. Halafu nani kati yenu anajua kuogelea? Jaketi kwanza, kuogelea pili, ubao mwisho. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, bahari ya Dar si safari ya kuogopesha; nendeni mkajifunzie huko asubuhi upepo haujaanza, na mkirudi osheni chumvi kwa maji ya bomba.

Safari yenyewe haina maneno mengi. Ubao uliokunjwa pamoja na pampu ya mkono unaingia kwenye begi la kilo 23. Pampu ya umeme yenye betri ya lithiamu ya kuchomoa, betri uibebe mkononi. Mkanda wa kujiokoa wenye kichupa cha gesi, uliza shirika la ndege kabla. TRA mnaijua, risiti iwe mfukoni. Pezi, lile la kuchomeka chini ya ubao, lichomoeni mlifunge katikati ya nguo, na nunueni la akiba, kwa sababu likivunjika njiani mtazunguka Dodoma nzima na hamtapata la kuingia kwenye tundu lile.