Asali ya kupima haipikwi jamani!

Warina asali wa Tabora, hili nimeshalisema mpaka nimechoka. Juzi kikundi kimoja kimeniletea sampuli ipimwe fenoli na flavonoidi, zile kemikali nzuri za mimea nyuki anazokuja nazo kutoka kwenye maua ya miombo na wanunuzi siku hizi wanaziulizia. Nafungua kifuniko, puu, harufu ya sukari iliyoungua. Nauliza hii vipi, mzee wa kikundi ananijibu bila wasiwasi, "Ilikuwa imeganda mtaalamu, tukaichemsha kidogo tu." Kidogo!

Sikilizeni. Maabara wanaweka dawa inaitwa Folin, ikikutana na fenoli inageuka bluu, bluu ikikolea mashine inasoma kiwango kikubwa. Sasa hiyo dawa haichagui, hata sukari inaisumbua, na asali ikiungua inatengeneza vitu vya kahawia ambavyo dawa inavihesabu navyo kama fenoli. Namba inaweza hata kupanda mkashangilia, kumbe mmepima sufuria yenu. Halafu kuna HMF, kemikali inayozaliwa sukari ikipata joto, kiwango cha kimataifa kwa asali ya nchi za joto ni mwisho miligramu 80 kwa kilo, ukipitiliza mzigo unakataliwa hata fenoli zikijaa pomoni.

Imeganda? Chukua maji ya nyuzi 40, sio 60, sio "ya moto moto", nunua kipimajoto acha kupima kwa kidole. Ipua sufuria ya maji kwanza, ndiyo utumbukize ndoo ya asali humo, maji yakipoa ongeza ya moto kidogo kidogo pembeni huku unapima. Itachukua masaa, vumilia, mbona kwenye pombe mnavumilia.

Ikishalegea koroga mpaka chini, maana asali iliyoganda inajitenga, juu majimaji chini chenga, ukichota ya juu tu umepima nusu ya ndoo. Jaza chupa mbili za kioo kavu kabisa, gramu 250 kila moja, moja ya maabara moja ubaki nayo kabatini gizani majibu yakileta ubishi. Andika tarehe ya kurina na ndoo namba ngapi, siku hiyo hiyo, sio mpaka ukumbuke.

Ikiwa sawa inanukia maua, basi.

Na chupa za maji zilizosuuzwa haraka haraka zikabaki na matone ndani sizipokei tena, msinibembeleze.